Mtoto wa Jicho ni wa Nani?

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Wewe uliyekaa upande wa moshi, hama, usije ukatokwa machozi halafu wenzako wakasema nimeanza vibaya.

Zamani, enzi za babu za babu zetu, palikuwa na kijiji. Jina lake silitaji. Wajukuu wa watu wale wangali hai, na baadhi yao ni viongozi.

Kijiji kile kilikuwa na mbuzi. Kilikuwa na mihogo. Kilikuwa na Baraza. Mwaka wa ukame mbuzi walipungua, mihogo ikapungua. Baraza halikupungua.

Baraza lilikuwa na miko mingi, na mwiko mkuu ulikuwa wa ini. Mbuzi akichinjwa, awe wa harusi, awe wa matanga, awe wa kuvunjika mguu, ini lake halilali nyumbani kwa mtu. Linafungwa katika jani la mgomba, linapelekwa barazani lingali na joto. Mtoto haligusi. Mwanamke haligusi. Walisema hekima ya hukumu inakaa ndani ya ini, kwa hiyo ini ni la wenye kuhukumu. Mtoto akila atakuwa mkaidi. Mwanamke akila atauliza maswali. Palikuwa hata na mtu mzima mwenye cheo cha Mshika Ini, ambaye kazi yake ilikuwa kulipokea, kulitazama, na kusema, "Ndilo." Alinenepa katika utumishi.

Katika Baraza hilo aliketi mzee mmoja, Babu Mhina. Ndiye tunayemkumbuka leo. Alikuwa mkubwa kuliko wote kwa umri, mfupi, mkimya, hana jino hata moja. Watu wa maneno walisema anapenda vikao kwa ajili ya ini, maana ndiyo nyama pekee isiyohitaji meno. Naye hakukana. Aliwajibu, "Na nyinyi wenye meno mnafuata nini?"

Sasa sikilizeni jinsi woga ulivyoingia.

Mvua ilikataa. Ikakataa tena. Mipapai ikasimama kama fimbo. Maboga yakafia kwenye mashina yake. Viwele vya mbuzi vikanyauka, maziwa yakawa habari ya kale. Watoto wakala ugali wa muhogo, mweupe, kwa chumvi. Kesho yake ugali mweupe, kwa chumvi. Keshokutwa ugali mweupe, na chumvi imekwisha.

Jioni moja mtoto alikuwa akicheza uani. Jua likagusa kilima. Mtoto akasimama. Akanyoosha mikono mbele, hivi. Akasema:

"Mama, nani kafunika jua?"

"Hakuna aliyelifunika, mwanangu. Lipo kilimani."

"Mbona silioni?"

Akapiga hatua. Kogo! Kichwa kwenye kinu.

Jioni ya pili nyumba ya jirani. "Mama, nani kafunika jua?" Kogo! Jioni ya tatu ng'ambo ya kijito. "Mama, nani kafunika jua?" Kogo! Mchana watoto wale waliona sindano mchangani. Jua likishika kilima, macho yao yanafungwa kama mlango wa zizi. Utusitusi ambao wewe na mimi tunauona ni mwanga wa kutosha kutafutia kuni, kwao ulikuwa ni gunia kichwani.

Kina mama wakaanza kuwafunga watoto kamba kiunoni kila jioni, kama mbuzi, wasipotee baina ya mlango na jiko. Nao fisi, ambao ukame uliwabana kama ulivyowabana watu, wakaanza kusogea. Jioni moja mtoto mmoja alikawia kisimani. Akakosea njia ya kurudi, akaelekea porini. Walimsikia akiita. Kisha wakasikia fisi. Kisha hawakusikia kitu.

Tangu siku hiyo watu walikula mapema, wakafunga milango mapema, wakanong'ona.

Akatokea mganga, Kibanga jina lake. Alikuwa mtu wa kujiamini, na kujiamini ni dawa inayomtibu mganga kwanza. Akasema, "Kuna uchafu wa usiku umeota machoni mwa watoto. Lazima uchomwe." Dawa yake ilikuwa utomvu wa mnyaa, ule mti wa kujengea ua usio na majani, unaotoa maziwa meupe. Hata mbuzi mjinga anaujua, anaupita mbali.

Mkuu wa Baraza alikuwa Jumbe Sengasu. Alikuwa na binti mdogo, Mwando, aliyempenda kuliko cheo chake, na cheo chake alikipenda sana. Vyeo vina faida zake. Binti wa Jumbe alitangulizwa kutibiwa.

Tone moja, jicho la kushoto. Tii! Mtoto alilia mpaka mbuzi wakanyamaza. Alilia usiku, akalia mchana, akanyamaza alipochoka. Jicho lilipofunguka lilikuwa jeupe kama yai, na ndani yake hapakuwa na mtu.

Kibanga akanawa mikono. Akasema, "Dawa ni nzuri. Kuna anayeizuia."

Hapo ndipo watu walipoanza kutazamana.

Pembeni mwa kijiji aliishi mjane mzee, Bi Nyange, na mjukuu wake yatima, msichana aitwaye Kilua. Macho ya Bi Nyange yalikuwa mekundu ukingoni, maana alipikia katika kibanda kisicho na tundu la moshi. Na katikati ya jicho lake la kulia palikuwa na weupe, kama tone la maziwa limeganda. Kila mtu aliujua weupe ule, na kila mtu alijua unavyoitwa. Unaitwa mtoto wa jicho. Miaka yote lilikuwa neno tu. Lakini neno likishikwa na njaa, hula mtu.

"Bi Nyange ana mtoto ndani ya jicho," alisema mmoja kisimani.

"Mtoto wa nani?" akauliza wa pili.

Swali likazunguka kijiji. Halafu mtu akakumbuka jambo: Kilua anaona. Jua likizama, watoto wote wamefungwa kamba, Kilua anaokota kuni kando ya njia, haanguki, hajikwai, anaimba.

"Wetu hawaoni, wake anaona. Nuru ya wetu imekwenda wapi?"

Mama wa yule aliyepotea hakusubiri Baraza. Alikwenda kwa Bi Nyange mchana kweupe, akasimama mbele yake, akamchungulia katika jicho lile. Akaita jina la mwanawe. Aliliita polepole, kama mtu anayebisha hodi. Akangoja ajibiwe.

Bi Nyange hakusogea. Kilua alipouliza, "Bibi, anamtafuta nani?" bibi yake alimziba mdomo kwa kiganja.

Kesho yake Baraza likaketi. Bi Nyange akawekwa katikati.

"Bi Nyange," akasema Jumbe Sengasu, sauti yake kavu, "una mtoto wa jicho?"

"Ninaye, mwanangu Jumbe. Tangu mwaka wa nzige."

"Amekiri," akasema Mshika Ini.

"Ni wa nani?"

"Ni wa uzee, mwanangu."

Wazee wakainamiana. Mmoja akauliza, kwa makini kabisa, "Huyo Uzee anakaa upande gani?"

Msicheke. Bi Nyange hakucheka. Alikuwa ametazama mlangoni, ameona vijana wameshika kamba.

Hukumu ikatoka haraka, kama zinavyotoka zile ambazo hazikufikiriwa. Jua likigusa kilima, Bi Nyange atapelekwa Pori la Fisi, atafungwa kwenye kisiki. Akiwa hana hatia, fisi watamwacha. Fisi wenyewe hawakuulizwa kama wanaikubali kazi hiyo.

Ndipo Babu Mhina akaegemea mkongojo wake, akainuka.

"Nina swali dogo."

"Uliza, Babu," akasema Jumbe.

"Sengasu, jiwe la kusagia la mkeo lina mtoto?"

"Lina mtoto, kama mawe yote. Lile dogo la juu."

"Baba yake ni nani?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaumeza mcheko.

"Babu, hilo ni jina tu."

"Ahaa," akasema Babu Mhina, akatulia, kama mtu aliyefundishwa jambo.

Lakini Kibanga mganga akadakia. "Tuache majina. Mjukuu wake anaona jioni. Hilo nalo ni jina?"

Baraza likavuma: kweli, kweli. Hata wale waliokuwa wameanza kulegea wakakaza. Macho yote yakamgeukia Babu Mhina.

Wako wasimuliaji wanaosema mzee yule hakuogopa. Waongo. Aliogopa mpaka mkongojo wake ukagonga sakafu wenyewe: ko, ko, ko. Maana alijua neno analokwenda kusema, na alijua adhabu yake, kwa kuwa adhabu hiyo aliipitisha yeye mwenyewe pamoja nao, miaka mingi nyuma, akiwa bado na meno.

"Basi mnifunge na mimi," akasema. "Watoto wanaoona jioni kijijini hapa ni wawili. Mmoja ni wa Nyange. Wa pili ni kitukuu changu, anayelala miguuni pangu."

"Yule hufungwa kamba kama wenzake. Tumemwona," akasema Mshika Ini.

"Mama yake humfunga kwa kuogopa macho yenu. Yake hayana ubaya. Anaona vizuri mpaka giza liwe giza."

"Kwa nini anaona?" akauliza Jumbe.

Ko, ko, ko.

"Kwa sababu ninamlisha ini."

Mshika Ini aliketi chini bila kutafuta kigoda.

"Ini hili," akasema Jumbe. "La Baraza."

"Hilo hilo. Hata vikao vyenu virefu havinitoshi kulimaliza, maana namung'unya bila meno. Kipande hubaki mkononi, nakwenda nacho nyumbani. Mtoto ana njaa, ananitazama. Nikampa. Nikampa tena."

"Na hakuwa mkaidi?"

"Amekuwa mkaidi kidogo. Lakini haanguki kwenye vinu." Akamgeukia mshitakiwa. "Nyange, huyo Kilua wako anakula nini?"

Bi Nyange akaona haya, hata mahali pale. "Majani tu, kaka yangu. Majani ya maboga, kisamvu. Shina langu la maboga nalimwagilia kwa maji ya kunawia. Ni chakula cha mbuzi, najua. Sina kingine."

"Chakula cha mbuzi," akasema Babu Mhina. "Haya. Kati yenu nani amewahi kuona mbuzi akijikwaa jioni?"

Wazee wakatikisa vichwa.

"Mbuzi anakula majani. Uzuri uliomo ndani ya majani anauweka kwenye ini. Sisi tunakula ini. Zamani watoto walikuwa na maziwa, walikuwa na mapapai na maboga, hakuna aliyegundua kitu. Sasa maziwa hakuna, mapapai hakuna, majani tunayaonea haya, na ini tumelikalia sisi. Kitu hicho wanachokikosa sikijui jina. Najua tu njia kinayopita."

"Na jicho la huyu bibi?" akauliza Kibanga. "Mbona jekundu?"

"Nenda kakae jikoni kwake mpaka ugali uive, urudi utuonyeshe lako. Wekundu ule ni moshi. Weupe ule ni uzee. Mama yangu alikuwa nao macho yote mawili, akafa nao, na hakumla mtu. Ini halitauondoa, majani hayatauondoa, sidanganyi mtu." Alikuwa amefika mahali pagumu. "Na jicho la Mwando, Jumbe, hilo ni mnyaa. Halikuibwa na mtu. Liliunguzwa mbele yetu. Pole, mwanangu. Kama ningekuwa na uongo wa kukupa, ningekupa."

Jumbe Sengasu alitazama mikono yake. Ndiyo iliyomshika mtoto kichwa siku ile, ili asitikisike.

Kibanga akapaza sauti. Akasema mzee amezeeka, na yeye mganga apewe siku moja tu awadondoshee watoto wote, macho yote mawili. Nje, kina mama waliokuwa wakisikiliza ukutani wakawavuta watoto wao kifuani.

"Jicho halitiwi kitu usichothubutu kukitia kwenye la kwako," akasema Babu Mhina. "Anza na lako, Kibanga. Tunakungoja."

Kibanga akakumbuka ana mgonjwa kijiji cha pili. Hali ya mgonjwa huyo ilikuwa mbaya sana, ilimbidi akimbie.

Ikabaki sheria. Jumbe akataka watoto wajaribiwe, walishwe ini na majani ya Bi Nyange, tuone. Mshika Ini akasema ini haliwezi kutoka barazani, ni mwiko.

"Basi watoto waje barazani," akasema Babu Mhina.

"Mtoto haingii barazani. Ni mwiko."

"Mzee anaingia?"

"Mzee anaingia."

"Basi wafanyeni wazee."

Enyi wasikilizaji, wazo hilo lililifurahisha Baraza mno, maana halikubadilisha sheria yoyote. Wakakubaliana palepale. Mwezi ulikuwa mkubwa angani. Watoto wote wa kijiji wakatangazwa kuwa wazee mpaka mwezi ufe. Na mwezi ukifa, ikiwa hakuna mtoto anayeona jioni, Bi Nyange atakwenda Pori la Fisi kama ilivyohukumiwa, na Babu Mhina atakwenda naye, kwa kosa la ini.

Basi kila mbuzi aliyechinjwa, watoto waliketi barazani, miguu haifiki chini.

"Mzee Mwando, karibu ini."

"Silipendi."

"Mzee mwenzetu, jitahidi."

Mshika Ini alilitazama kila pande, akasema "Ndilo," machozi yakimlengalenga. Mbuzi hawakuwa wengi, mapande yalikuwa madogo. Ila kila siku Kilua alileta kapu la majani, yakapikwa pamoja na ini, na wazee wale wapya wakala wakikunja uso, kama wazee wote wanavyofanya wakiletewa mboga. Wala hakuna jicho lililodondoshewa kitu, isipokuwa maji safi ya kunawa uso asubuhi.

Babu Mhina na Bi Nyange waliwekwa katika zizi tupu, mlinzi mlangoni. Waliuona mwezi kwa upenyo wa boriti. Kila usiku ulikuwa umeliwa pembeni.

"Mhina," alisema Bi Nyange, "ungenyamaza tu."

"Ningenyamaza ningelala vizuri siku moja. Baada ya hapo nisingelala tena."

"Unaogopa?"

"Magoti yangu yanaogopa. Mimi niko nayo tu."

Jioni za mwanzo walisikia yale yale. "Mama, nani kafunika jua?" Kogo! Bi Nyange alikuwa anaziba masikio. Siku zikapita. Sauti zikapungua. Kisha hazikusikika. Lakini kina mama walikuwa wameshikwa na hofu kiasi kwamba waliwaingiza watoto ndani jua likiwa bado juu, wakawafunga kamba, wakafunga na mlango. Hakuna aliyemwacha mtoto uani jioni aone kama anaona. Vinu vilinyamaza, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Woga una masikio. Macho hauna.

Mwezi ukafa.

Jioni ile kijiji kizima kilitoka. Kamba za kuwafungia wazee wawili hazikutosha, ikabidi wachukue kamba za watoto. Wakawafunga Bi Nyange na Babu Mhina kiuno kwa kiuno, wakawatanguliza. Ngoma moja tu. Ndu. Ndu. Ndu. Jua likagusa kilima. Likazama. Njia ya porini ilipita ukingoni mwa korongo, nyembamba kama mkia. Utusitusi ukashuka mpaka mtu akamjua jirani yake kwa kukohoa. Mbele huko fisi akaita. Uuuu-wip. Mwingine akamjibu, karibu zaidi.

Watu wazima walitazama pori. Walikuwa wanashikana nguo wasipotezane, wanajikwaa kwenye mizizi. Watoto walikuwa wanatembea katikati yao, bila kamba, bila kushikwa mkono. Hakuna aliyeliona hilo.

"Baba."

Alikuwa Mwando.

"Baba, kamba ya bibi imemshuka miguuni. Anafika kwenye korongo. Ataanguka."

"Mtoto asiseme mbele ya Baraza," akasema Mshika Ini gizani.

"Mimi ni mzee," akasema Mwando. "Mpaka leo iishe."

Ndu. Ngoma ikakatika.

Jumbe Sengasu akainama, akapapasa. Kamba ilikuwa imelegea, imemzunguka Bi Nyange vifundoni, na kisigino cha mama yule kilikuwa upana wa kiganja kutoka ukingoni. Jumbe mwenyewe, mwenye macho mawili, hakuwa ameiona. Akabaki amepiga magoti, ameshika kamba.

"Mwando. Umeionaje?"

"Kwa jicho."

Akasema kwa jicho. Hakusema kwa macho. Baba yake akalisikia neno lile, na watu wote wakalisikia.

"Unaona nini kingine, mwanangu?"

Mtoto akageuza shingo ili jicho lake zima lielekee porini. Akanyoosha kidole.

"Fisi. Pale. Wamekaa. Wanatungoja."

Watu wazima wakatazama kidole. Hawakuona kitu. Wakatazama tena, kwa muda, na giza lile likawatazama wao.

Baraza lilirudi kijijini kwa kasi ambayo halijawahi kuitumia katika jambo lolote. Watoto walitangulia kuwaonyesha njia. "Hapa shimo, babu. Hapa mzizi, shangazi. Inua mguu, Mshika Ini." Jumbe Sengasu alimbeba Bi Nyange mgongoni. Babu Mhina alikuja nyuma, ameshikwa mkono na Mwando, na mkongojo wake haukugonga.

Kesho yake Baraza likaketi, likatangaza kwamba ini litaliwa na watoto kwanza, na mama zao, pamoja na majani mabichi bila kuona haya. Likatangaza pia kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa maoni yake tangu mwanzo. Mshika Ini alibaki na cheo chake, ila sasa alilizungusha ini nyumba kwa nyumba, akapungua, afya ikawa njema. Ule uzee wa watoto haukufutwa, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuufuta. Mpaka leo, katika kijiji kile, mtoto akipewa ini huambiwa, "Karibu, mzee."

Jicho la kushoto la Mwando halikurudi. Mtoto wa jicho la Bi Nyange naye hakuondoka, alikua, na mwishoni Kilua alimwongoza bibi yake kwa mkono. Siku hizi wako matabibu wa macho wanaomtoa mtoto huyo kwa kisu kidogo na mtu akaona tena. Enzi zile hawakuwapo. Ila tone la kumtoa halikuwapo zamani na halipo leo, atakayekuuzia mwambie aanze na lake.

Na yule mama aliyepotelewa alirudi kwa Bi Nyange. Alikuja mchana, akasimama mbele yake, akalitazama lile jicho kwa muda mrefu. Safari hii hakuita jina. Alichukua mti wenye ncha, akaingia jikoni, akatoboa tundu ukutani, juu, moshi upate pa kutokea. Kisha wakaketi wote wawili, wakachambua kisamvu.

Babu Mhina alikufa kwa uzee. Huyo Uzee, mnajua anakokaa. Neno alilotuachia ni hili: mtoto asipoona, uliza amekula nini kabla hujauliza nani amemroga. Usimtie jichoni usichokijua. Na ukisikia neno la kutisha, lishike, ulipeleke kwenye jiwe la kusagia, uone kama na huko linatisha.

Hadithi yangu inakomea hapa. Aliye upande wa moshi, nilishasema ahame.